Mama Vipimo na Jiwe la Jikoni

Mara ya kwanza Mama Vipimo aliponionyesha kilichomo ndani ya damu ya mtu, niliruka nyuma nikagonga rafu ya dawa, chupa zikaanguka. Hakucheka. Aliniambia nichukue ufagio.

"Ukimaliza kufagia rudi uangalie tena," alisema. "Sasa hivi umeona woga wako tu."

Nilifagia, nikarudi. Ilikuwa asubuhi, jua linaingia dirishani, na kwenye kioo cha simu niliyoifunga juu ya darubini kwa mikono yangu mwenyewe kulikuwa na vitu vyembamba vinajinyonganyonga katikati ya chembe za damu, vinazisukuma huku na huku. Mimi ni fundi simu. Ndani ya simu za watu nimekuta picha za kila namna, nyingine siwezi kuzisema mbele za watu wazima. Lakini ile ilinitoa jasho.

"Hii damu ya nani?" nilimuuliza.

"Ya yule mchungaji aliyekaa kwenye benchi hapo nje."

Nikachungulia. Mtu mwenyewe alikuwa anatafuna mhogo, anapiga soga na mwenzake kuhusu ng'ombe. Vitu vile vinaogelea ndani yake na yeye anatafuna mhogo.

"Ni malale," alisema Mama Vipimo. "Mbung'o wa kule vichakani, upande wa hifadhi, ndio wanaoleta. Leo ana homa na kichwa kinamuuma, basi. Akiachwa, ataanza kulala mchana kweupe huku anaongea na watu. Halafu akili itamruka. Halafu atakufa. Kwa hiyo anakwenda hospitali leo hii, hata kama ng'ombe watabaki peke yao."

Na alikwenda. Mama Vipimo alitoka nje akamwonyesha ile simu, mhogo ukamwanguka mkononi, akaondoka bila kubishana. Huyo ndiye mama ninayetaka kumweleza.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitasema, kwa sababu aliyemuuliza alijibiwa "umekuja kupima au kuoa?" Ninachojua ni kwamba alikuwa mtu wa Mugumu, Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka sisi Wakurya tukiongea mbele yake tulijisikia tunatafuna kokoto. Jina lake sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Wazee walimwita Mama Vipimo, watoto walimwita hivyo hivyo. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kuinua jicho kutoka kwenye darubini, na bado alijua ni nani aliyeingia.

Tulikutana kwenye rashi, ule mfumuko wa watu unaotokea dhahabu ikionekana mahali. Yalikuwa mashamba ya mahindi upande wa Kenyamonta, na kufumba na kufumbua pakawa na vibanda vya maturubai, mashine za kusaga mawe, baa, msikiti wa mabati, kanisa la mabati, na mashimo kila ulipokanyaga. Mimi nilitoka kwetu Nyamwaga na sanduku langu la bisibisi. Nyuma yangu akaja mdogo wangu Marwa, nikamkatalia kushuka shimoni, akaniambia mimi ni mwoga ninayejificha nyuma ya skrubu ndogondogo. Akaingia kwenye duara. Duara ni shimo la wachimbaji, lina mwenyewe na lina watu wake, na wakishaingia humo ni kama ndugu. Mama yetu alipokuwa anaondoka duniani alinikabidhi Marwa, ingawa wakati huo alikuwa tayari na ndevu. Aliniambia nisimwache apotee. Kila aliposhuka shimoni roho yangu ilikuwa juu juu mpaka atoke.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya vibanda, mkabala na changu. Siku moja Mama Vipimo alivuka njia akaniwekea mezani darubini yake, ile ya kuangalia vitu vidogo, imefungwa kwenye khanga.

"Fundi, hii ina tundu moja la jicho. Nikiona mdudu, namwona mimi peke yangu. Nikimwambia mgonjwa, ananiangalia usoni kama nauza uongo. Unaweza kufanya simu ikachungulia humu badala yangu, ili na yeye aone?"

Nilidhani ana mchezo. Hakuwa na mchezo. Nilikata kipande cha bomba la maji kilichoingia sawasawa kwenye lile tundu, nikakitobolea soli ya kandambili ya kushikilia simu, nikafunga na mpira wa baiskeli. Ya kwanza iliteleza, simu ikaangukia kioo chenye damu ya mtu, na nilitukanwa kwa Kiswahili safi ambacho mpaka leo baadhi ya maneno yake sijui maana yake. Nyingine ilitikisika, picha ikawa ukungu mtupu. Mwishowe ikashika. Simu niliyompa ilikuwa kuukuu, imekufa spika na maiki, haisikii wala haisemi, ila kamera yake nzima.

"Hii inafaa," alisema. "Maabara haihitaji domo."

Domo alikuwa nalo yeye. Maneno yake makuu yalikuwa mawili: "Lete kidole," na "Angalia mwenyewe." La kwanza alilisema kwa ukali, la pili kwa upole, na hakuna mgonjwa aliyetoka mle ndani bila kusikia yote mawili. Ukiwa na malaria aliigeuza simu upande wako akakuonyesha vidoa vyake. Ukiwa na mayai ya minyoo kwenye choo chako, aligeuza simu ukayaona. Wanaume wazima walitapika. Mmoja aliyezoea kumwambia kwamba vidonge vyake ni biashara alimeza dozi yake palepale, akaomba ameze na ya kesho. Nilimwambia siku moja kwamba anawatisha watu.

"Sasa nisiwatishe, wafe wakiwa wametulia?" alinijibu.

Habari zikaenea kwamba pale zahanati mama anapiga watu picha ya ndani. Basi akaja dada mmoja aliyekuwa anauza maandazi, ameoga, amejipaka mafuta, amevaa kitenge kipya na kilemba chake. Akakaa kwenye kiti, akainua kidevu, akatulia tuli akingojea kupigwa. Mama Vipimo akamtoboa kidole. Baadaye akamwonyesha simu, na yule dada akaiangalia weee, uso unamshuka.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe. Una malaria."

"Mbona sina sura?"

Mimi niliyekuwa nimeinama pale nikikaza mpira nilishindwa kujizuia, nikacheka. Mama Vipimo akanitolea jicho. Akampa yule dada dawa yake, akamweleza namna ya kuimeza, kisha akaniambia niitoe simu kwenye darubini. Akamsimamisha dada mlangoni penye mwanga, akamnyoosha kilemba kwa mkono wake, akaniambia nimpige picha ya maana nimtumie mume wake. Nilimtumia. Ndivyo alivyokuwa, anakufokea asubuhi na mchana anakuletea uji.

Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Nilijaribu mara moja kwa kuvizia, akiwa amevaa miwani yake amejiinamia kwenye darubini, nikaona ingekuwa kumbukumbu nzuri. Aliusikia mlio wa kamera. Alinyoosha mkono nikampa simu, akaifuta ile picha, akahakikisha imefutika, akanirudishia simu.

"Mimi najua picha zinasema nini," alisema. Hakueleza zaidi, nami nilimwacha.

Kulikuwa na mambo mengine yake ambayo hayakupatana. Mtu anayeshinda anatazama minyoo alikuwa akimwona jongoo sakafuni anapanda juu ya kiti na kuniita kwa sauti ya mtoto. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapauka, na bado alilamba sukari kiganjani akidhani hakuna anayemwona. Wachimbaji walimletea mawe wakimwomba ayaangalie kwa ile darubini kama yana dhahabu, naye aliwafukuza kwa ufagio akisema maabara si karasha la kusagia mawe. Lakini siku moja niliingia bila kubisha nikakuta chini ya kioo kuna punje ya jiwe, na yeye amegandisha jicho hapo.

"Nachunguza kama vioo ni visafi," alisema.

"Ni visafi?"

"Hakuna kitu," alisema kwa masikitiko, akaitupa dirishani.

Picha zilizomtia mashaka alizituma kwa bingwa mmoja mjini ambaye hakuwahi kumwona ana kwa ana. Shida ilikuwa mtandao. Mahali pekee uliposhika ni juu ya lundo la magwangala, yale mawe yanayotupwa yakishakosa dhahabu. Kwa hiyo mama wa watu, na gauni lake refu na ushungi wake, alilipanda lile lundo, mawe yanaporomoka chini ya viatu, anainua simu juu anangoja. Wachimbaji walikuwa wanamchungulia wanasema mama anaongea na malaika. Jibu likifika alimwita mgonjwa kutoka kulekule juu, kabla hajashuka.

Sasa nifike kwenye jambo lililofanya nisimsahau.

Baada ya yule mchungaji wa mhogo, Mama Vipimo alitangaza rashi nzima kwamba kila aliyewahi kuingia kwenye vichaka vya upande wa hifadhi aje apimwe. Na walioingia ni wengi, maana nguzo za kuzuia mashimo yasibomoke zilikatwa kulekule. Wenye maduara hawakutaka watu wao waache kazi wakapange foleni kwa mwanamke. Lakini hawakutaka kukataa pia, kwa sababu ugonjwa waliuogopa. Basi wakafanya kama wanavyofanya kwenye dhahabu. Mchimbaji hasagi mlima mzima ili ajue kama una kitu. Anachukua jiwe, analisaga, analiosha kwenye karai, akikosa anasema mwamba huu mtupu, anahama. Hiyo wanaiita sampuli. Kila duara likamtuma mtu wake mmoja, akatobolewa kidole, akapigwa picha, akaambiwa yuko safi, akarudi. Mwenye duara akatangaza kwamba duara limepimwa.

Mama Vipimo hakulijua hilo. Alidhani wameanza kuja mmoja mmoja na wengine wako njiani.

Kipindi hichohicho Marwa akawa haeleweki. Alikuja kula kwangu kama kawaida, akashika tonge la ugali, na tonge likiwa limekaribia mdomo akasinzia. Nilimcheka, nikamwambia duara linamla usingizi. Akaamka akala. Baadaye akawa mkali, anagombana na watu kwa sababu isiyo na kichwa wala miguu, halafu anakaa chini analia. Alisema kichwa kinampasuka. Alikuwa amemeza dawa za malaria na za maumivu alizonunua dukani, hazikusaidia. Nikamwambia aende kwa Mama Vipimo, ni kuvuka njia tu.

"Duara letu limeshapimwa, kaka," alinijibu. "Tuko salama. Mwenye duara ana picha kwenye simu yake, ametuonyesha wote."

Nilienda kwa Mama Vipimo kumweleza kuhusu usingizi wa Marwa, nikamwambia kwamba malale siyo, maana duara lao limeshapimwa. Alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

"Limepimwa vipi, duara?"

Nikamweleza. Sampuli, mama, kama jiwe. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na uso wake ukabadilika rangi. Yule mama aliyewashtua watu kila siku, siku hiyo nilimwona yeye akishtuka.

"Kwa hiyo hawa wote niliowaambia wako safi," alisema polepole, "wamekwenda kuwaambia wenzao kwamba nao wako safi?"

"Ndiyo, mama."

Akasimama. Akaifunga darubini kwenye khanga, akaiweka ndani ya kikapu, simu mkononi, akatoka na viatu vya ndani. Nikamfuata.

Duara la kina Marwa lilikuwa bondeni, na pembeni yake jiko la mafiga ambapo mpishi alikuwa anasonga ugali wa watu wote. Mama Vipimo alimwangalia yule mpishi akamtambua. Ndiye aliyekuja kupimwa. Na ndivyo ilivyokuwa kwa maduara yote, walituma yule ambaye kazi haitasimama akikosekana. Mpishi hakuwahi kukata hata fito moja kule vichakani. Alibaki akilinda unga.

Mwenye duara alitoka kutupokea. Alikuwa mtu mzima, mkubwa wa mwili, mpole akiwa hajachokozwa.

"Mama, karibu. Sisi hapa tulishapima. Picha ninayo."

"Nimesikia," alisema Mama Vipimo. "Na mimi nimekuja kupima dhahabu yenu."

Wachimbaji wakasogea. Wakadhani sasa mama amekubali kuwaangalizia mawe kwa ile darubini yake. Yeye akaenda jikoni, akaangalia jiwe la akiba lililokuwa kando ya moto, jeusi kwa masizi, akalibeba kwa mikono miwili mpaka katikati ya watu, gauni likachafuka lote. Akaliweka miguuni kwa mwenye duara.

"Nakwenda kulisaga hili, nilioshe. Nikikosa dhahabu, mtafunga duara mhame?"

Watu wakacheka. Mwenye duara naye akacheka.

"Mama, hilo ni figa. Hilo limeokotwa huko njiani, halijatoka shimoni. Utapimaje duara kwa figa?"

"Na huyu mliyeniletea mimi," alisema Mama Vipimo akimwonyesha mpishi, "alitoka shimoni? Alikwenda vichakani? Mimi mmenipa figa, nikalisaga, nikawaambia hakuna kitu. Na nyinyi mkashangilia."

Kicheko kilikatika. Kijana mmoja akavua kofia. Halafu mchimbaji mzee kuliko wote akasema kwa Kikurya neno ambalo maana yake ni kwamba huyu mama amesema kweli, akaketi juu ya ndoo akanyoosha kidole.

Wakafuatana. Mama Vipimo alipanga darubini yake juu ya gunia la mawe, jua likawa taa, akatoboa vidole, akaangalia, akageuza simu. Huyu safi. Huyu safi. Marwa alipokaa alikuwa anasinzia hata kabla hajatobolewa, nikamshika bega.

Mama Vipimo aliangalia kwa muda. Hakuniangalia mimi. Akaigeuza simu kwa Marwa, na mimi nikiwa nyuma yake nikaviona. Vilevile. Vinajinyonganyonga katikati ya damu ya mdogo wangu, damu ya mama yetu, na yeye amekaa pale anapumua. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Marwa akageuza uso pembeni.

"Angalia mwenyewe, mwanangu," alisema Mama Vipimo, na akamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mgonjwa. "Usipoangalia utasema tumekusingizia. Ukiangalia utakwenda hospitali kwa miguu yako."

Akaangalia. Aliangalia mpaka machozi yakaanza kumdondoka kwenye kioo cha simu, na mama akayafuta kwa ncha ya ushungi ili aendelee kuona.

Mwingine kwenye lile duara alikutwa navyo pia. Mwenye duara peke yake ndiye aliyekataa. Alisema mwenye duara hashuki shimoni, kwa hiyo hapimwi. Mama Vipimo akamuuliza kama nguzo alikwenda kuzichagua mwenyewe, akasema ndiyo, na akakataa vilevile. Alimbembeleza, alimfokea, alimfuata mpaka kwenye kibanda chake. Haikusaidia. Alipofariki kwao, baada ya kupita muda wa kuchanganyikiwa na kulala mchana, watu walisema amerogwa kwa ajili ya dhahabu. Habari ilipomfikia, Mama Vipimo alifunga mlango wa maabara, na wagonjwa wakakaa nje kwenye benchi wakimsubiri. Alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu, akasema "Lete kidole" kwa sauti ileile.

Marwa walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakamchoma dawa kali zilizomwumiza kuliko ugonjwa. Alirudi amebaki mifupa. Alirudi lakini. Kwa maduara mengine yote Mama Vipimo alibeba kikapu chake akapita, na hakuna aliyetaja tena sampuli. Wachimbaji wakawa wanataniana kwa hilo, mtu akikwepa kupimwa wanamwita figa.

Rashi ikaisha kama zinavyoisha zote. Dhahabu ilizama chini kusikofikika, watu wakang'oa maturubai yao. Mimi nilihamia Tarime mjini, nikapanga fremu Nkende, natengeneza simu mpaka leo. Marwa anaendesha bodaboda na kijiwe chake ni mbele ya duka langu, kusudi nimwone. Mama Vipimo alihamia zahanati nyingine ndanindani, Serengeti, karibu zaidi na vile vichaka, kwa sababu alisema ndiko damu yenye maneno iliko. Alikuwa anaifuata kwa miguu, boma kwa boma, darubini kikapuni. Tulisalimiana kwa simu, na kila mara alimalizia kwa kuuliza Marwa analala saa ngapi.

Halafu juzi, kabla ya adhuhuri, akaingia dukani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Simu yangu haiingizi chaji."

Nilifurahi, nikamvutia kiti, nikaagiza chai na chapati kwa jirani. Nikaifungua simu. Alikuwa amekonda, lakini nikasema ni umri na kutembea. Miguuni alivaa ndala moja ya bluu na moja nyekundu, nikasema labda haraka ya safari. Akaanza kunisimulia habari za zahanati yake mpya, jinsi wafugaji wa kule walivyokuwa wabishi, jinsi mzee mmoja alivyotaka picha ya damu ya dume lake la ng'ombe kabla ya yake mwenyewe. Nikacheka. Niliinua kichwa kumwuliza alimjibu nini.

Alikuwa amelala. Kipande cha chapati kiko mkononi, kimekaribia mdomo. Chai inatoa mvuke.

Bisibisi ilinianguka. Niliisikia ikigonga sakafu, na yeye hakuisikia. Nilisimama pale nikimwangalia, na nilichokiona ni tonge la ugali la Marwa. Nikajiambia amechoka. Nikajiambia ni safari. Nilijiambia yote hayo huku najua.

Alipofungua macho aliendelea kuongea, lakini sasa alikuwa ananiambia juu ya jongoo, kwamba wamejaa dukani kwangu, niwatoe. Sakafu ilikuwa safi.

"Mama," nilisema, "umejipima?"

Alikunja uso, na kwa muda akawa yeye kabisa.

"Usinifundishe kazi, fundi. Nesi wangu tumempima. Tunakaa nyumba moja, tunakula chungu kimoja. Picha yake ninayo humo humo kwenye simu. Hana kitu."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Ni yeye aliyesema hivyo. Ni mdomo uleule, Kiswahili kilekile kilichonyooka.

"Huyo nesi huwa anakwenda na wewe vichakani?"

"Aende vichakani nani afungue zahanati?"

"Basi nesi wako ni figa, mama."

Aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, na nikaona neno lile likimwingia polepole kupita huo usingizi, mpaka likafika. Akaitazama ile chapati mkononi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka. Akaishusha kwenye sahani. Kisha akaninyooshea kidole chake, mimi fundi simu, nisiye na sindano wala dawa.

Nilimwita Marwa. Alimpakia kwenye pikipiki katikati yetu, mimi nyuma nikimshikilia asidondoke, tukamfikisha hospitali. Mtaalamu wa maabara alikuwa kijana mstaarabu, na kishikio chake cha simu kilikuwa cha kiwandani, chepesi, kizuri kuliko bomba langu. Alimtoboa, akapaka kioo, akainama. Alipoinuka aliikumbatia simu kifuani.

"Mgeuzie aone," Marwa alimwambia.

Kijana akasita, akaigeuza. Mama Vipimo alifumba macho. Yule aliyewashikilia watu wa rashi nzima mpaka waangalie, alifumba macho kwa nguvu na kugeuzia uso ukutani. Mimi niliiangalia. Ndiyo ilikuwa picha yake ya kwanza kuiona ambayo haikufutwa.

Marwa akachuchumaa mbele ya kiti, akamshika mkono.

"Angalia mwenyewe, mama," alisema. "Mimi niliangalia, na ndiye mimi huyu nimekuleta."

Kisha akauliza miwani yake iko wapi, nikamtolea kwenye mkoba, akaivaa.